Bitana ya Tumbo

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, na ukaidi nimezaliwa nao. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma bure. Yaliyonipata Ramadhani ile niliyatafuta kwa mikono yangu, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inauma.

Vidole vilianza kuvimba mwezi wa Shaabani, kanzu na makoti ya Idi yakiwa yamelundikana mpaka kitandani. Nashonea chumbani kwangu Hillbrow, huku kusini mwa Afrika, ghorofa ya saba, lifti ilishakufa zamani. Chini ya jengo kuna spaza, kiduka kinachouza mkate, vocha na vidonge vya maumivu, diklofenaki. Unameza viwili, baada ya muda vidole vinakunjika, sindano inashikika. Sasa nimefunga, mchana simezi kitu. Basi nikajitungia utaratibu wangu: vitatu wakati wa daku, vitatu jua likizama, pamoja na tende ya kufungulia. Na daku yenyewe, jamani, ilikuwa chai ya rangi tu, maana usingizi ulikuwa mtamu kuliko wali. Vidonge sita, tumbo tupu, kila siku. Nikajiona mjanja kweli.

Mlango unaotazamana na wangu anakaa shoga yangu, Mkongomani wa Lubumbashi. Kwao alikuwa nesi miaka mingi, lakini vyeti vyake huku havikukubaliwa, basi anasuka nywele kwenye kibanda karibu na stendi ya teksi, amesimama tangu asubuhi. Ni Mkristo wa kwaya na mikesha, ila kila Ramadhani futari tunakula pamoja kwangu. Yeye analeta sombe, kisamvu cha kwao, mimi napika tambi na uji wa pilipili manga. Hakuna aliyetuwekea desturi hiyo, tulijiwekea wenyewe.

Jioni ya siku ya kumi na mbili tambi zilinikataa. Mate yananijaa mdomoni, na hapa kwenye chembe ya moyo panawaka moto. Akanitazama, akaweka kijiko chini.

"Mama, choo yako iko rangi gani?"

Astaghfirullah! Kwenye futari! Nikamwambia hana adabu hata ya kuazima. Hakucheka. Akauliza tena, vilevile. Nikamjibu ni cheusi kama lami, na kinanata, nadhani ni hizi tende. Akainuka, akafungua kabati langu bila hodi, akatoa maganda matupu ya vidonge, akayapanga mezani moja moja.

Hapo ndipo nilipolisikia mara ya kwanza neno prostaglandini. Alilitamka kwa lafudhi yake ya Kifaransa, taratibu, kama anayemtaja mtu anayemheshimu. Akasema ni vitu ambavyo mwili unajitengenezea wenyewe, kila sehemu vyake, palepale vinapotakiwa. Kwenye vidole vyangu ndivyo vinavyoleta uvimbe na maumivu. Tumboni vina kazi nyingine. Akachukua koti la kuvalia juu ya kanzu lililokuwa kwenye mashine, akaligeuza ndani nje.

"Hii munaita nini?"

"Bitana."

"Tumbo pia iko na bitana yake. Ni ute. Tumbo inatoa asidi kali, ile ute inazuia asidi isikule nyama ya tumbo. Prostaglandini njo inaleta ile ute, kila siku. Kidonge yako inafukuza ya vidole, inafukuza na ya tumbo. Haijue kuchagua. Ile nyeusi ni damu, mama. Kesho unaacha kufunga, tunaenda hospitali."

Kula mchana wa Ramadhani! Mimi! Najua fika kwamba mgonjwa kapewa ruhusa na Mungu mwenyewe, hata mtoto wa madrasa anajua. Lakini kiburi hakisomi. Nikamjibu neno ambalo hata leo nikilikumbuka natamani niumeze ulimi.

"Wewe msusi tu. Kasuke nywele, tumbo langu niachie mwenyewe. Na saumu huijui."

Aliosha vyombo vyote, akatoka.

Kesho yake jioni akaja na sombe yake kama kawaida, midomo imemkauka mpaka inapasuka. Adhana ya simu ikalia, nikachukua tende. Yeye hakugusa kitu, hata maji. Nikamuuliza, vipi tena? Akasema hajatia kitu mdomoni tangu alipotoka kwangu jana, na hatatia mpaka niende hospitali.

"Ulisema saumu sijue," akasema. "Basi nafunga ya kwangu. Haina magharibi."

Siku nzima amesimama, anasuka vichwa vya watu na koo kavu, kwa ajili ya mtu aliyemtukana! Roho iliniuma kuliko vidole. Nikasema haya, naenda, nimeshindwa. Nikamsogezea glasi ya maji, nilipoinuka ukuta ukazunguka, nikajikuta sakafuni. Alikunywa maji yale kwa mkupuo mmoja apate nguvu, ndipo akaniinua. Alinishusha ghorofa zote saba, ngazi kwa ngazi, nimemwegemea begani.

Hospitali waliniongezea damu, wakapitisha kamera kooni, wakakuta kidonda tumboni kinavuja. Vidonge vyangu wakavipiga marufuku. Nililala siku nne, na kila saa ya kuona wagonjwa alikuja, nami nikawa namwomba anihadithie zaidi. Zile prostaglandini nilishaanza kuziita "hao", kama majirani.

Kumbe hao ndio wanaopandisha homa mwili unapopigana na ugonjwa. Ndio wanaosaidia damu ipite vizuri kwenye figo. Maumivu ya hedhi ni wao, na mtoto akifika wakati wake, wao ndio wanaolainisha mlango wa uzazi na kuukaza mji wa mimba mpaka atoke. Nimezaa watatu, miaka yote nilidhani nilisukuma peke yangu! Akaniambia na mtoto akiwa tumboni, kuna kamshipa karibu na moyo wake wanakashikilia wazi, kwa sababu mapafu bado hayajaanza kazi. Akizaliwa, akavuta pumzi, wao wanapungua na kamshipa kanajifunga. Subhanallah! Na uhai wao wenyewe ni mfupi, wanafanya kazi mara moja na kuisha, wanatengenezwa wengine. Wakizidi mahali wanatesa, kama kwenye vidole vyangu. Wakikosekana, yanakuwa ya tumbo langu. Nilimtazama mwenzangu akieleza, mikono yake inacheza hewani, uso umemnawiri, nikaona nesi mzima mzima pale, na mimi nilikuwa nimemwona msusi miaka yote ile.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliuliza nani aliyegundua kwamba navuja damu. Mwenzangu akatazama viatu vyake. Mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti, wodi nzima isikie.

"Ni huyu hapa. Ni nesi wangu."

Kwenye teksi ya kurudi, hizi daladala za huku, aligeukia dirishani. Nikadhani bado amenuna, na haki yake. Tukasimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na nyumbani, yeye anajifuta macho kwa kiganja.

"Mama," akasema, "rudilia ile neno."

Nikarudia: nesi wangu. Abiria wakageuka kututazama, nikarudia tena.