Mchele Mpya wa Beatus Intanashno

Kampuni ya Beatus ilipata mhuri kabla haijapata mzani. Naanza na hilo msije mkasema namsingizia mtoto wa watu. Mhuri wa mviringo, wino wa bluu, umeandikwa Beatus Intanashno, Ifakara, na katikati suke la mpunga lililochorwa vibaya mpaka likafanana na kiwavi. Aliuchongesha Dar es Salaam kwa hela aliyopewa na mama yake anunue viatu. Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa mwaka wa pili kwenye chuo cha biashara, na viatu alivyokuwa navyo vilikuwa vinacheka mbele.

Mimi ni shangazi yake, Restituta. Baba yake Beatus alikuwa kaka yangu, alifariki Beatus akiwa darasa la tatu. Nauza mchele pale mashine ya kukoboa, Lumemo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nipe punje moja niiume, nitakwambia mpunga wake umelala ghalani miezi mingapi. Chuo changu ni hicho, na sijawahi kukitengenezea mhuri.

Beatus alikuja likizo mwezi wa sita amefunga tai. Joto lote lile la Ifakara, vumbi la barabara kuanzia Mikumi limemganda mpaka kwenye kope, na tai shingoni. Shikamoo yake ilikuwa ya haraka haraka, kama mtu anayelipa ushuru. Akatukalisha mimi na mama yake, wifi yangu Yosefina, akatueleza habari za intaneti. Alisema kuna duka mjini watu wanalipia kukaa mbele ya kompyuta, wanaandika barua, na kabla hujameza mate imeshafika Ulaya. Alisema ameandika tangazo la mchele wa Kilombero, na wanalisoma Watanzania walioko nchi sita. Akamalizia kwa kusema dunia imekuwa kijiji.

Nikamwambia kijiji anacho hapa, mbona anakikimbia. Hakucheka. Vijana wa tai hawacheki.

Tangazo lilikuwa na picha. Likizo ya Pasaka alimleta mpiga picha, akamsimamisha Yosefina uani na ungo mkononi, kanga mpya, anapepeta kwa madaha. Yosefina! Mwanamke anayepepeta hadi kuku wa jirani wananenepa. Mimi ninayepepeta mchele wa mji mzima sikuulizwa. Wivu? Nisiseme uongo mbele za Mungu, ulikuwepo, lakini haki pia ilikuwepo.

Na sasa, kwenye mfuko wa shati, Beatus alikuwa na karatasi. Ilikuwa barua iliyotoka kwenye kompyuta, ya bwana mmoja anaitwa Dionisi, mzaliwa wa Mahenge, anayeishi Uholanzi. Dada yake alikuwa anaolewa Dar es Salaam mwezi wa nane. Bwana Dionisi ameona picha ya mama na ungo, machozi yamemlenga, amekumbuka kwao. Anataka magunia matatu ya mchele wa nyumbani unaonukia, kwa pilau ya siku zote tatu, sendofu ya kumuaga binti, harusi yenyewe, na kuvunja kamati. Watu mia nane. Atalipa vizuri, mzigo ukishapokelewa.

Karatasi ile ilitembezwa nyumba kwa nyumba kama sanamu ya Bikira Maria mwezi wa rozari. Katekista aliisoma. Mwenyekiti wa mtaa aliisoma, akairudia, akaomba nakala. Kila mmoja alipofika pale pa Uholanzi alitikisa kichwa. Mimi nilisomewa mara nne, na mara zote nne sikio langu lilisimama kwenye neno pilau.

Niwaeleze, kwa sababu si wote mmelala juu ya magunia kama mimi. Mchele mpya, wa mpunga uliovunwa juzi, unanukia vizuri mpaka mpita njia anageuza shingo. Lakini una maji bado. Ukiupika unashikana. Kwetu huko kushikana ndiko raha yenyewe, maana wali tunaumega kwa mkono tunachovya kwenye mchuzi wa kambale. Na heshima yetu iko hapo hapo. Mgeni akija baada ya mavuno anapikiwa mpya, padri anapelekewa mpya, na ukimpa mgeni wa mwaka jana atasema umemfagilia ghala. Pilau haitaki habari hizo. Pilau inataka mchele uliokaa mwaka mzima, uliokauka, unaochambuka punje na punje. Mpishi wa Dar es Salaam anapima maji yake kwa mchele wa namna hiyo, anafumba macho, anamimina. Sisi bondeni hatupiki pilau, tukiipika ni Krismasi, sufuria moja, na ikishikana hakuna anayejali.

Yosefina hakulijua hilo. Alijua kulima. Mwaka huo mvua za Elinino zilichukua mashamba ya watu wengi, yeye akabahatisha magunia sita ya mpunga kwenye kipande chake cha juu. Sita, ya kula mwaka mzima yeye na wajukuu wawili aliokuwa anawalea, na ya kumrudisha Beatus chuoni. Beatus akasema yakobolewe yote. Bwana Dionisi akishalipa, mama atanunua chakula na ada itabaki. Yosefina akabakiza mbegu tu. Alikuwa na furaha ya kutisha. Aliimba.

Kwa hiyo muelewe kilichopandishwa kwenye lori lile. Hakikuwa mchele wa biashara. Kilikuwa chakula cha nyumba ile mpaka mavuno mengine.

Wakaja mashine siku ya Alhamisi. Mimi nipo kwenye kigoda changu, wachukuzi wapo, wanawake wa kupepeta wapo. Mchele ukamwagika mweupe, harufu ikajaa banda zima. Nikachukua punje, nikauma. Laini. Ikakatika kimya kama kucha iliyoloa. Na nyuma yangu pale, ghalani kwangu, nilikuwa na mpunga wa mwaka jana, unatosha magunia matatu ya mchele na kubaki. Tungebadilishana gunia kwa gunia. Mimi nisingepoteza kitu, maana huo mpya wao ungekuwa wa zamani kwangu kabla ya Krismasi ya pili. Maneno yaliyohitajika hayazidi kumi.

Nilifungua mdomo kweli. Nikaanza na utani, ndivyo nilivyo, nikamuuliza Beatus wateja wake wa kompyuta wakishashiba picha watakula nini. Akanigeukia mbele ya wote wale, tai inaning'inia, akasema, "Shangazi, wewe umezoea biashara ya kopo lililobonyezwa. Hii ni biashara ya kisasa, huwezi kuielewa."

Wachukuzi walicheka. Wanawake walicheka kwa kuinama, ambako ni kubaya zaidi. Kopo langu la kupimia limebonyea, linapunja kidogo, ndiyo. Nionyesheni kopo la Ifakara lisilobonyea. Lakini kuambiwa na mtoto niliyemlea baba yake akiumwa, mbele ya watu wanaonipa kula, na mama yake amesimama pale anatabasamu kama yuko tena kwenye picha! Nikasema moyoni, haya, msomi, nenda. Nikakaa kwenye kigoda. Nikaufunga mdomo, na hata uzi wa kushonea magunia nikamuazima.

Akagonga mhuri kwenye kila gunia. Kiwavi, kiwavi, kiwavi. Lori likaondoka.

Ya harusini nilisimuliwa na Beatus mwenyewe, maana alipanda lori na mzigo wake na kualikwa ukumbini kama mgeni wa heshima. Siku ya sendofu wapishi walimimina maji yao kama kawaida. Kilichotoka kilikuwa kinanukia ukumbi mzima, na kilikuwa kinatingishika. Watu wa upande wa mume walikisogeza kwa kijiko. Mama mmoja akauliza kama ni bokoboko. Siku ya harusi wapishi wakapunguza maji, sufuria ya kwanza ikaungua chini na juu ikabaki uji, na mshereheshaji ameshaita meza ya kwanza. Kamati ilituma gari usiku ule ule kununua mchele mwingine sokoni. Bibi harusi alilia na lile shela. Magunia mawili yalikuwa yameshaliwa au yameshamwagwa, la tatu wakasema hawalirudishi, ni fidia ya aibu. Kwenye mlango wa nyuma Beatus aliambiwa ashukuru kwamba wapishi hawajamtia mkononi.

Bwana Dionisi hakulipa. Na angeishia hapo ingekuwa shida ya kawaida. Lakini Beatus alitaka biashara ya dunia nzima, na dunia nzima ikamjibu. Bwana yule alirudi Uholanzi, akakaa kwenye kompyuta yake, akawaandikia wale wale wa nchi sita kwamba msinunue kwa mtu huyu, anauza mchele mbovu. Mbovu! Mchele ule haukuwa mbovu hata kidogo, ulikuwa mchele bora kuliko wote niliouona mwaka ule. Ukiharibu jina hapa Lumemo, unahamia Mchombe, unaanza upya. Huyu angehamia wapi? Wateja wote waliokuwa wameahidi kununua walikatika kwa siku mbili. Hela ya ada hakuna. Chuo kikafunguliwa bila yeye.

Mtaa ulifurahi, msidanganyike. Wale wale walioisoma karatasi kwa kutikisa kichwa sasa walimwamkia kwa jina la Intanashno. Katekista alisema yeye aliona tangu mwanzo. Watu walinifuata mashine kunipa pole huku wanachungulia uso wangu, wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaitikia. La mkuu lipi? Mkuu alikuwa amekaa kwenye kigoda amefunga mdomo.

Beatus alikwenda Sanje, akawa anawauzia abiria wa mabasi ndizi kupitia dirishani. Tai aliiacha kwenye msumari kwa mama yake. Nilimcheka kwa hilo pia. Nilisema ameipata hatimaye biashara ya dirisha, bila umeme. Ilikuwa kichekesho kizuri, wachukuzi walikipenda, nikakirudia mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Mwezi wa pili ndio mwezi wetu mbaya. Mpunga uko shambani umesimama kijani, ghala za wenye shida zimekwisha, na bei inapanda kila siku ya soko. Yosefina alikuwa anakwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, alfajiri anaondoka, jioni anarudi na debe la pumba na vichenga. Nilikuwa nalijua. Kila mtu alikuwa analijua. Nikasubiri aje kuniomba. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno nitakayomwambia kwanza, kabla ya kumpa, maana kumpa ningempa, mimi si mnyama.

Alikuja siku ya Jumamosi, na kikapu. Alikuwa amekonda mpaka ile kanga ya picha inamzunguka mara mbili. Tukasalimiana. Nikamfungulia gunia, nikachota debe zima, na niseme kweli halikuwa la kubonyea, nikampimia. Yeye akatia mkono kwenye mchele, akachukua punje, akaiuma. Sikuwahi kumuona akifanya hivyo.

"Huu umekaa, wifi," akasema. "Huu si wa mavuno haya."

Nikamwambia ni wa mwaka juzi, ndio unaomalizikia.

Akatafuna kidogo. Alikuwa ameuliza, nilikuja kujua baadaye. Huko vibaruani alilima kwa mama mmoja aliyewahi kupikia shughuli za harusi mjini, na mama yule alimweleza habari ya mpya na wa zamani kama ninavyowaeleza ninyi.

"Siku ile ya lori ulikuwa nao humu ndani?"

Ningeweza kudanganya. Nina miaka kumi na tisa ya kudanganya wanunuzi kwa uso mkavu. Sijui kwa nini siku hiyo ulimi ulikataa.

"Nilikuwa nao."

"Na pilau uliisikia, ulisomewa barua."

"Niliisikia."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane, kusema kweli, maana matusi nayajua, ningeyajibu, tungegombana mpaka wachukuzi waje, na Jumapili tungepeana mkono kanisani yakaisha. Nikaanza kumwambia yale ya kopo, mwanao alinitukana mbele ya watu, mbele yako, na wewe ulitabasamu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeniambia njia ya kwenda kisimani, "Mwanangu alikuwa hajui, Restituta. Wewe ulikuwa unajua."

Hakuniita wifi. Akainamisha kikapu, akaurudisha mchele wangu kwenye gunia, akapangusa na zile punje zilizonasa kwenye ukindu zisibaki. Akatoka. Nikamwita arudi, nikamwambia simuuzii, nampa. Akavuka barabara kwenda kwa Salvatory, mfanyabiashara mwenzangu, mwizi kunishinda, akanunua chenga kwa hela yake ya kibarua.