Taa za Kumfikisha Joab Kimilili

Joab amepaka rangi vyuma vya bandarini kwa miaka ishirini na sita, na hakuna kitu kinachomkera kama chuma kilichoachwa uchi. Chumvi ya Mombasa haina adabu. Ukisahau skrubu nje Jumatatu, Ijumaa unaokota kutu. Kwa hiyo aliponunua baiskeli ya kumpeleka kwao Kimilili, kazi ya kwanza ilikuwa kuipaka rangi ya meli, tabaka tatu, hata pale pa kufungia taa.

Kwenda Kimilili, magharibi kabisa mwa Kenya, kwa nguvu za miguu yake mwenyewe kabla hajastaafu ilikuwa ndoto yake ya miaka mingi. Lakini jua la Taru na Voi si la kuchezea, na ilimbidi aondoke alfajiri, akanyage gizani ubavuni mwa malori. Mkewe Eddah, mwalimu wa chekechea pale Ganjoni, hakubishana naye. Alisema tu kwamba anataka kuziona taa zikiwaka, ya mbele na ya nyuma, kabla ya Ijumaa. Zisipowaka, baiskeli iuzwe, naye Baba Oliver apande basi kama watu wazima wenzake.

Hapo ndipo Joab alipopotea. Mwenye duka mmoja alimsifia taa za kuchaji kama simu. Joab akajiuliza kule Tsavo atachajia kwa nani, kwa tembo? Mwenzake kazini akamshauri afunge betri ya pikipiki. Alijaribu, baiskeli ikawa nzito hata kuiegemeza ukutani ni kazi. Mwishowe akaambiwa kuhusu dainamo, kile kichupa kinachosugua gurudumu na kutoa umeme mradi unakanyaga. Hiyo ilimwingia akilini, akainunua pamoja na taa mbili.

Lakini kila taa ilikuja na waya mmoja tu! Joab anajua umeme wa nyumbani una nyaya mbili, akaamini ameibiwa. Alirudi dukani kugomba, wakamwambia ndivyo zilivyo. Akaunga waya huo mmoja, akakanyaga. Giza. Akabadilisha balbu. Giza vilevile. Siku tatu alilala na kuamka na waya kichwani, na kila alichokijua kikazidi kumchanganya.

Alhamisi mchana aliikokota baiskeli mpaka Mji wa Kale kwa Badawi, fundi baiskeli. Walisalimiana kwanza, wakaulizana hali za nyumbani na za kazini, ndipo Badawi akachutama. Alikwaruza rangi kwa ukucha, isibanduke.

"Rangi hii kapaka nani?"

"Mimi," Joab akajibu kwa fahari.

"Kazi nzuri, mzee wangu. Nayo ndiyo iliyozima taa zako. Moto wa dainamo wenda kwa waya, warudi kwa chuma cha baiskeli yenyewe. Wewe umeufungia mlango wa kurudi."

Akampa tupa, akamwonyesha pa kukwangua, chini ya kila taa na chini ya dainamo. Joab aliumia kweli. Ilikuwa sawa na kuambiwa atukane kanisani. Badawi akamtuliza kwamba wakishakaza watapaka grisi kuzunguka pale, chumvi isiingie. Basi akakwangua mpaka chuma kikang'aa, na gurudumu lilipozungushwa, taa zote mbili zikawaka.

Jioni aliiegemeza baiskeli uani, akamwita Eddah, akainua kiti na kulizungusha gurudumu la nyuma. Ua ukajaa mwanga. Joab akangoja sifa. Eddah akamwambia azungushe tena, na tena, kisha akaketi kwenye ngazi na kujifuta macho kwa leso.

"Mama Oliver, si zinawaka?"

"Naziona. Nilitaka taa kwa sababu nilijua wewe na umeme hamjuani. Nilijua hazitawaka."

Joab akabaki ameshika kiti, hajui alizungushe tena gurudumu au aliache lisimame.