Nilivyoajiriwa Maktabani

Jumanne niliingia maktaba ya chuo kimoja hapa Thika kutafuta magazeti ya zamani. Kaunta ilikuwa na msichana mmoja tu, mwanafunzi aliyeajiriwa kwa zamu, beji shingoni na kitabu mkononi. Macho yake hayakutoka kwenye saa ya ukutani.

"Guka," aliniita, kama babu yake, "uko na haraka?"

"Hapana."

Akanieleza kwamba ana mtihani saa nane, ule wa kuruhusiwa kufungua vitabu, na hicho ndicho kitabu chenyewe. Lakini sheria ya kazi inasema mfanyakazi asijiazimishe kitabu, wala asiache kaunta bila mtu. Mwenzake wa zamu alikuwa amechelewa.

Kabla sijampa pole, alinivisha beji, akanivuta nyuma ya kaunta, kisha akazunguka akasimama mbele yangu kwa adabu. "Habari ya mchana? Naomba kuazima hiki."

Nikagonga muhuri. Akatoka mbio.

Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu wanne. Ningefanya nini? Nikaendelea kugonga.

Ndipo akatokea mkutubi mkuu, mama wa miwani. Aliangalia beji, hakuangalia mvi.

"Usiegemee kaunta. Simu iweke kwa begi. Na mkumbuke, mkiwa hapa nyinyi si wanafunzi, ni wafanyakazi."

"Mama, mimi si mwanafunzi."

Uso wake ukachangamka. "Mwaka mzima nimewaambia. Wewe ndiye wa kwanza kuelewa!"

Nilitoka saa kumi, zamu ilipoisha.