Zorka Miladin, Mhakiki wa Sayari za Mbali

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, kwa miaka kumi na mmoja, Zorka Miladin aliingia studio na vumbi la shimoni kwenye nyusi, akaketi mbele yangu, akaanza kuhukumu dunia ambazo hazipo.

Mimi ndiye niliyeendesha mitambo. Jina langu Noreen, na redio yetu ya Coober Pedy, mji wa wachimbaji katikati ya jangwa la Australia, ilikuwa chumba kimoja kilichochongwa ndani ya kilima, chenye maikrofoni mbili na simu iliyolia kupita kiasi. Zorka alikuwa mchimbaji wa opali, yale mawe ya thamani yanayobadilika rangi kwenye mwanga. Alikuja huku na baba yake kutoka Serbia akiwa na miaka sita, akajifunza kutega baruti kabla ya kujifunza kuendesha gari, na baba alipofariki aliendelea na shimo lao peke yake. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na winchi aliyoitengeneza kwa mikono yake, na nyumbani televisheni iliyotundikwa kwenye ukuta wa mwamba. Hapo alitazama kila kitu chenye vyombo vya angani, majoka, wachawi na watu wanaorudi jana kurekebisha mambo yao. Michezo ya video pia aliicheza, miwani imeshuka puani, akitukana kwa Kiserbia.

Alianza hivi. Siku moja aliingia studio bila hodi na kuniambia kwamba yule mwalimu aliyekuwa akihakiki filamu kwetu hajui kitu.

"Ameisifia ile filamu ya watu waliotua kwenye sayari mpya," alisema. "Noreen, shoga yangu, umeiona? Mtu amesafiri miaka arobaini amelala ndani ya sanduku. Anafungua mlango, anaikanyaga ardhi ambayo haijakanyagwa na yeyote, na jambo la kwanza ni kugombana na bosi wake. Hata kuinama kuushika mchanga hakuinama!"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Waambie watu ni uongo."

"Waambie wewe," nikamsogezea maikrofoni.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mhakiki. Hakujali sana kama chombo cha angani kimetengenezwa vizuri, wala waigizaji ni akina nani. Aliuliza swali lilelile kila wiki: hawa watu wanashangaa au hawashangai? Kama hawashangai, mimi nishangae kwa niaba ya nani? Alitoa alama kati ya kumi, na kumi hakuwahi kuitoa. Alama ya juu kabisa, tisa, aliipa katuni ya watoto kuhusu kobe anayelizunguka jua polepole. Watu wengi mjini hawakuwa wameitazama hata filamu moja kati ya hizo, lakini Alhamisi maduka yote yalifungulia redio. Manolis, mwenye duka la vifaa vya uchimbaji, alipiga simu karibu kila wiki kumchokoza.

"Zorka, wewe malaika wakishuka leo utawapa nne."

"Inategemea wameshukaje, Manolis. Wakishuka kama wewe unavyoshuka ngazi, nawapa mbili."

Mwaka wa nane ukaja ule mchezo wa video. Ulihusu mchimbaji aliyeachwa peke yake chini ya ardhi ya mwezi wa sayari moja ya mbali. Magazeti ya mijini yaliusifu sana. Zorka aliucheza siku kumi, akaja studio amenuna.

"Alama tatu," alisema hewani. "Giza lao ni la buluu. Filamu zote hizi, michezo yote hii, wakitaka kuonyesha giza wanamwaga rangi ya buluu, halafu wewe unaona kila kitu mpaka vifungo vya shati. Huyo aliyeutengeneza hajawahi kukaa gizani hata dakika moja. Amekaa chumbani kwake na pazia zimefungwa."

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, tumemaliza tu kipindi, msichana mwembamba akasimama mlangoni mwa studio. Gari lake nje lilikuwa jekundu kwa vumbi. Alikuwa ameendesha kutoka Adelaide, kilomita mia nane na hamsini.

"Namtafuta Mama Zorka," alisema. "Mimi naitwa Tamsin. Ule mchezo ni wangu."

Zorka alimtazama toka juu mpaka chini. "Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuliona hilo giza."

Nilidhani Zorka atacheka. Hakucheka. Alisimama, akachukua funguo zake mezani. "Noreen, weka muziki mrefu. Na wewe unakuja."

"Mimi? Mimi nina kazi."

"Umekaa mji huu miaka ishirini na tatu hujawahi kushuka shimoni. Si aibu hiyo?"

Ilikuwa kweli. Kila nilipoalikwa nilikuwa na sababu: mgongo, mafua, mgeni. Siku hiyo sababu haikuja haraka, nikajikuta nimeketi kwenye kibao kilichoning'inia kwenye waya wa winchi, nashushwa ndani ya tundu ambalo mabega yangu yalitosha kwa shida, mita ishirini kwenda chini. Niliomba dua zote nilizozijua. Chini kulikuwa na ubaridi mzuri na handaki la mwamba wa rangi ya waridi. Tulitembea tumeinama mpaka Zorka akasimama.

"Zimeni taa zenu."

Tukazizima. Yeye akazima ya mwisho.

Nimejaribu mara nyingi kulisimulia lile giza, na kila mara nasema uongo kidogo. Halikuwa jeusi. Nyeusi ni rangi, nawe unaiona. Hapa kuona kwenyewe kuliondolewa, kama mtu ameninyang'anya macho bila kunigusa. Sikujua ukuta uko wapi. Baada ya muda sikujua hata mimi naishia wapi. Nikausikia moyo wangu, kisha nikasikia pumzi ya Tamsin, fupifupi.

"Nyoosheni mikono mbele ya uso," ilisema sauti ya Zorka. "Mnaiona?"

"Mimi naiona," Tamsin alinong'ona. "Naona vidole vikisogea."

"Huvioni. Kichwa chako kinajua mkono uko wapi, kwa hiyo kinakuchorea. Sasa mimi naupunga wangu hapa mbele ya pua yako. Unauona?"

"Hapana."

"Basi."

Hapo hofu yangu ilikatika, sijui kwa nini. Nilibaki nimesimama mdomo wazi, nikiutazama mkono wangu ambao haukuonekana na bado nauona. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na nne na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu kama hicho kimo ndani yangu.

Hatujui tulikaa muda gani. Kisha Zorka alisema, "Sasa tulieni. Msiguse kitu." Tulisikia mawe yakisogezwa, moja moja, kama mtu anabomoa ukuta mdogo. Akawasha taa yake kwa mwanga wa chini kabisa.

Kwanza nilidhani ni maji. Rangi zilikuwa zinatembea ukutani: kijani, kisha moto, kisha buluu ya shingo ya tausi, kila Zorka alipopumua na taa ikatikisika. Halafu jicho likazoea, nikaona ni mifupa. Mbavu zilizopangwa moja baada ya nyingine, uti wa mgongo mrefu kuliko lori la Zorka, na mguu mpana kama kasia. Mifupa yote imegeuka opali.

Tamsin alikuwa amepiga magoti. "Hii ni nini?"

"Mnyama wa baharini."

"Bahari gani?"

"Hii tuliyosimama ndani yake," Zorka alisema. "Ilikuwa juu yetu hapa, kabla mtu hajakuwepo."

Aliketi chini akatueleza. Walimwona mnyama yule yeye na baba yake miaka ishirini na miwili nyuma, mwaka mmoja kabla mzee hajafa. Mtu mwingine angeyavunja mawe yale siku ileile akayauza kipande kipande. Baba yake aliketi hapo mpaka betri ya taa ikaisha.

"Hakusema chochote. Baba yangu, aliyekuwa akizungumza hata usingizini! Tulipopanda juu aliniambia, 'Huyu hatumkati.' Tukamjengea ukuta, tukachimba upande mwingine. Tangu siku ile nikitazama mtu anatua kwenye sayari mpya, namtazama usoni kama atakuwa kama baba."

"Na wakiwa sivyo, unawapa tatu," Tamsin alisema.

"Wewe nilikuhurumia. Ulistahili mbili."

Tukacheka, na kicheko chetu kikaenda mbali ndani ya handaki.

Tamsin alirudi Adelaide. Mwaka mmoja na miezi kadhaa ukapita, na mchezo wake ukatoka tena, umefanyiwa kazi upya. Zorka aliucheza wiki tatu bila kunidokezea neno. Alhamisi ya nne aliingia studio amebeba mashine nzima ya mchezo mikononi, akaiunganisha, akavuta maikrofoni karibu na spika.

"Wasikilizaji," alisema, "mchimbaji yuko ndani ya mwezi. Kuna kitufe cha kuzima taa. Nakibonyeza."

Skrini ikazimika kabisa. Ikabaki pumzi ya mchimbaji, na mbali sana tone moja la maji. Nilifundishwa kwamba kimya hewani ndicho kifo cha redio. Sekunde thelathini. Dakika. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha muziki, Zorka akanitikisia kichwa. Simu ikalia.

"Noreen, redio imekufa?" Alikuwa Manolis.

"Haijafa. Nyamaza usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Zima taa za duka usikilize."

Hakukata simu. Nilisikia swichi ikibonyezwa huko kwake, kisha hata yeye akanyamaza. Dakika nne nzima mji ulisikia mtu akipumua chini ya ardhi ya mahali ambapo hapapo. Taa ya mchimbaji ilipowaka, Zorka alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye vumbi, jambo lililozidisha uchafu.

"Nane," alisema.

Tamsin alikuwa akisikiliza kupitia mtandao, na mara akapiga. Nikamweka hewani.

"Mama Zorka, asante. Lakini mbili zimekwenda wapi?"

"Moja ni ya jiwe. Jiwe likianguka handakini halilii hivyo, njoo ulirekodi. Ya pili, taa inapowaka umeweka muziki. Vinanda na kwaya. Kwa nini?"

"Niliogopa watu hawatashangaa wenyewe."

"Watashangaa, mwanangu. Waache."

Mwaka huohuo Zorka aliwaita wataalamu wa jumba la makumbusho, kwa sharti moja: kabla mfupa haujaguswa, kila mtu mjini anayetaka ashuke auone. Tulishuka watatu watatu kwa siku tisa, na kila kundi aliliambia kwanza lizime taa. Manolis, mwenye tumbo, alikwama kwenye tundu mara mbili. Alipopanda hakuwa na mzaha wowote. Aliketi juu ya rundo la udongo karibu yangu.

"Noreen," alisema, "miaka thelathini nauza misumari juu ya bahari, na sikujua."

Wataalamu waliipakaza mifupa plasta ili isivunjike, wakaitoa vipande vipande kwa muda wa wiki tano. Pingili moja ya shingo ilikuwa imelegea yenyewe, na hiyo Zorka aliomba aipandishe bila plasta. Ilikuwa saa sita mchana, hakuna kivuli popote. Alitoka shimoni ameikumbatia kifuani ndani ya kitambaa, akakifunua. Jua likaingia ndani ya mfupa, na rangi zikaruka mpaka usoni kwake na kwenye mashati yetu. Tulikuwa watu kama mia mbili pale. Hakuna aliyepiga makofi. Watoto walisogea mmoja mmoja, wakanyoosha mikono ili zile rangi zitue kwenye viganja vyao.