Nimemlimia shamba mtu aliyeua nyuki wangu, na hasira bado ninazo

Wakuu, salamu kwenu nyote, na mlionizidi umri shikamooni.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Mkiona nafoka mnivumilie, moyo bado haujapoa.

Mimi ni mkulima wa alizeti huku Ihanja, mkoa wa Singida. Pia nafuga nyuki. Nilikuwa na mizinga pembeni ya shamba, na asali yake ndiyo iliyokuwa inanisomeshea watoto.

Shamba linalopakana na langu ni la mzee mmoja, nimwite Mzee Ntandu. Tunasali kanisa moja. Yeye ni mzee wa kanisa, ndiye anayesoma matangazo kila Jumapili na suti yake ya kahawia.

Huku kwetu kuna utaratibu ambao hata mtoto anaujua. Ukitaka kupiga dawa ya wadudu wakati alizeti imechanua, unamwambia jirani mwenye nyuki, halafu unapiga jioni, nyuki wakisharudi kwenye mizinga.

Basi. Haihitaji degree.

Mzee Ntandu alipiga dawa asubuhi, jua linawaka, maua yamefunguka. Hakuniambia neno.

Nilikuta nyuki wametapakaa chini ya mizinga kama mtu kamwaga mtama. Wengine walikuwa bado wanatetemeka. Nilikaa chini nikalia wakuu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikampeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mzee akaruka kimanga. Akasema alisahau tu kuniambia, na kwamba nyuki hawana alama, nitajuaje waliokufa ni kwa dawa yake. Kesi ikaishia hapo.

Jumapili iliyofuata kasimama mbele anatangaza semina ya upendo. Semina ya UPENDO. Nilitoka nje nikakaa kwenye pikipiki yangu mpaka ibada ikaisha.

Tangu siku hiyo hakupata shikamoo yangu. Mnaotufahamu Wanyaturu mnajua uzito wa jambo hilo, mzee kupitwa kimya na mtu wa umri wa mwanawe.

Na alizeti yake ilitoka mapepe matupu, maana hakukuwa na nyuki wa kuchavusha maua. Nilifurahi. Sina haja ya kuwaficha.

Sasa msimu huu mvua zimeanza, maksai wake wote wawili wamekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mvua zetu mnazijua, hazimsubiri mtu. Ukichelewa kulima umejitafutia njaa ya mwaka mzima, na mzee analea wajukuu.

Nikawa namwona yeye na mkewe wanalima kwa jembe la mkono, shamba lote lile, migongo imepinda. Wenye ng'ombe kila mmoja anakimbizana na shamba lake. Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Maksai wangu, Waziri na Mkoloni, wapo tu wanacheua.

Mkewe akaja nyumbani. Nilikuwa ndani, nikamsikia anamwambia mke wangu, "Mama Neema, niombee kwa Baba Neema. Tuazimwe ng'ombe hata siku moja, mvua inatuacha."

Nikajibu kutoka humohumo ndani, "Mwambie mzee akalimie ile dawa yake."

Akaondoka.

Mke wangu hakunigombeza. Jioni tulipokaa kusali aliniachia mimi niongoze. Nikaanza ile sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, nikafika pale kwenye kusamehe, nikakwama. Watoto wananiangalia. Nikainuka nikatoka nje.

Wakuu, nilimkasirikia Mungu. Kwa nini aliyekosewa ndiye apewe homework? Yule aliyeua anaendelea kusoma matangazo, mimi niliyeuliwa nyuki ndiye nianze kujipima roho.

Lakini nilijua jibu, na ndicho kilichoniudhi. Nikijiita Mkristo halafu wajukuu wa mtu wanalala njaa nami naridhika, basi tofauti yangu na yule mzee wa semina ni suti tu.

Asubuhi nikamtuma mdogo wangu apeleke maksai na plau. Mimi nibaki nyumbani na hasira zangu. Nikaona nimemaliza, Mungu ameshapata alichotaka.

Haikuchukua muda mdogo wangu karudi. "Kaka, Waziri amelala katikati ya shamba. Mzee anawaamrisha, hawamsikii."

Nilikuwa nimesahau. Wale ng'ombe niliwafundisha mwenyewe tangu wadogo, wanatii sauti yangu tu.

Nikaenda huku natukana kimoyomoyo. Shikamoo ilinitoka kama jino bovu. Mzee akaitikia, akashika kamba mbele, mimi nikashika plau nyuma. Tukalima, mimi nikisema na ng'ombe tu.

Tukiwa nusu ya shamba, mzee akasimama. Hakugeuka.

"Mwanangu, mimi sikusahau. Nilipiga dawa makusudi. Niliona nyuki wako wanakuja kunyonya mafuta ya alizeti yangu, wewe unapata asali, mimi nabaki na makapi."

Mkononi nilikuwa na mjeledi. Nawaambieni ukweli, niliuangalia ule mjeledi, nikauangalia ule mgongo. Ningeweza pia kufungua nira nikaondoka na ng'ombe wangu, na hakuna mtu kijijini angenilaumu.

Nikamuuliza, "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu umekuja mwenyewe. Wangekuja ng'ombe peke yao, ningenyamaza."

Nikamwambia avute kamba, tukalima mpaka mwisho wa shamba.

Nilichojifunza ni kwamba kusamehe hakungoji hasira ziishe. Wahubiri wanatuambia utasikia amani. Mimi sikusikia amani yoyote, nilisikia mgongo unauma. Lakini shamba limelimwa na mbegu iko ardhini, na watoto wale watakula.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mawazo yenu. Mzee ameniambia Jumapili atasimama kanisani aseme mbele ya watu wote alichonifanyia. Mke wangu anataka nimzuie. Anasema aibu ile itammaliza, na kwamba nikimwomba asisimame atanisikiliza.

Mimi nataka asimame. Nataka kila mtu asikie, na nataka niwe nimekaa kiti cha mbele.

Hebu niambieni mnaosali na msiosali: hapo nimemsamehe, au nimebadilisha tu fimbo?

Jumapili ni keshokutwa.