Ng'ombe Mmoja Mwenye Mimba

Utawa wangu uligharimu ng'ombe mmoja. Marehemu baba alisema wawili. Sote tulihesabu mara mbili, na nitaeleza.

Nilifika kwenye nyumba ya masista nje ya mji wa Shinyanga miaka ya sitini, shirika likiwa changa kabisa: wasichana saba, majembe sita. Siku ya kwanza Mama Mlezi, sista aliyetufunza maisha ya kitawa, aliniuliza ninajua kazi gani.

"Kuuza karanga mnadani, Mama."

"Basi wewe ni mnunuzi wetu. Kusali utajifunza."

Nikawa mnunuzi. Nikitajiwa bei nilicheka kwanza, ndipo nikaanza kupatana. Mzee mmoja muuza chumvi aliniuliza, "Sista, huko kwenu mnafunga ninyi, au mnatufungisha sisi?"

Ukafika wakati wa nadhiri, zile ahadi ambazo mnovisi, yaani sista mwanafunzi, huziweka mbele ya askofu. Kanuni yetu ilidai baraka ya mzazi. Baba akaja kutoka upande wa Mhunze, akaketi barazani, akatamka, "Ng'ombe kumi na wawili."

Kwetu mahari ya binti ndiyo humwoza kaka yake. Kaka yangu Masanja alikuwa na mchumba, na baba mkwe alikuwa akisubiri mifugo. Baba asiporidhika, narudi nyumbani kuolewa.

Mama Mlezi akanivutia jikoni. "Mtawa hanunuliwi. Lakini kumshukuru mzazi si dhambi. Zizini tunao wanne. Nenda kapatane naye."

"Nijipatanie mwenyewe, Mama?"

"Nani mwingine ana mdomo kama wako?"

Nikarudi barazani. "Shikamoo, baba. Kumi na wawili kwa huyu?"

"Marahaba. Huyu anasoma, analima, meno yote anayo."

"Matuta yake yamepinda. Na mdomo huo, mume gani atauweza?"

"Tisa."

"Baba, mama mwenyewe husema nina miguu ya korongo."

Akacheka hadi akashika tumbo. "Mayu," akamwita Mama Mlezi kwa heshima ya Kisukuma, "huyu mnamtaka kweli? Anajishusha bei mbele ya baba yake!"

Nikampeleka zizini, nikamwonyesha jike jekundu. "Ana mimba. Hao ni wawili."

"Ndiyo mahari?"

"Ni shukrani."

"Iite utakavyo, mradi iwe na mkia." Akampapasa jike mgongoni. "Utafurahi hapa?"

"Baba, hapa nabishana kila siku, na naambiwa ndiyo kazi."

Akaniwekea mkono kichwani. Kwa Mama Mlezi nikaripoti ng'ombe mmoja. Masanja akaongezea wengine kwa pamba yake, akaoa.

Mama Mkuu wa pili wa shirika alinihamishia Geita, kwenye zahanati jirani na machimbo. Wachimbaji waliletwa na homa, wakaapa kulipa siku watakayopata dhahabu. Nikawaambia walete kuni leo. Kisha nikapelekwa Kharumwa kusimamia ujenzi wa darasa la ushonaji. Fundi alihesabu matofali, nami nikahesabu nyuma yake. Kufikia miaka ya themanini masista tulikuwa tumeyazidi majembe tena, na sikulalamika.

Sasa nimestaafu, nachambua mchele. Juzi Mama Mkuu wa leo, niliyemfundisha mimi kununua chumvi, akaja akijizuia kucheka. "Sista, kuna mzee barazani. Anataka kuonana na mnunuzi."

Alikuwa Masanja. Mjukuu wake Kabula ni mnovisi wetu, anaweka nadhiri mwezi ujao.

"Dada, ng'ombe sita."

"Masanja! Mkeo ulimwoa kwa ng'ombe gani?"

"Yule mwekundu. Ndiyo maana najua bei zenu. Wewe ulikwenda kwa wawili, na matuta yako yalipinda. Ya Kabula yamenyooka."

Nilicheka kwanza, kama kawaida. Safari hii, badala ya kupatana, nikaomba siku chache.

Atarudi Alhamisi. Zizini tunao watatu, na hakuna hata mmoja mwenye mimba; nimewakagua mara mbili. Ninyi mliopatana mahari hivi karibuni, nishaurini: nianzie wapi?