Taa Alizokunja Peterson

Tawi la mvinje, mti wa Krismasi wa nyumba hii, lilikuwa limesimama sebuleni siku ya pili, ndani ya debe la mchanga, na Pola alikuwa akilipita kama mgeni ambaye hakumwalika. Alifagia, akalipita. Alipiga pasi yunifomu za watu, akalipita. Chai akaenda kuinywa jikoni, amelipa kisogo tawi hilo.

Hakuliagiza yeye. Aliyelileta ni Randu, mkata nguzo, ambaye kila mwaka alizoea kumletea mumewe. Jana asubuhi alipiga hodi, tawi begani.

"Mimi sikukuagiza, Randu," Pola alimwambia.

"Wewe hukuniagiza, mama. Mzee mwenyewe aliniagiza tangu Januari. Aliniambia mwaka huu nisingoje kuambiwa, nilete tu."

Pola akadhani ni maneno ya mtu asiyetaka kurudi na mzigo wake. Akampa chai, akamshukuru, na tawi likabaki.

Pola huyu ni mwana wa Rabai, binti wa mwalimu wa kanisa, na ameshona yunifomu za shule hapa Shella ya Malindi miaka thelathini na mmoja. Watu wa mtaa wajua yuko nyumbani kwa mlio wa cherehani. Alikuja na Peterson, fundi wa mafriji, wakapanga chumba na sebule mkabala na nyumba ya Bwana Twahir, wakasema ni mwaka mmoja tu kisha wahame. Kuhama kwenyewe ndiko huko. Mtoto wao Mangi walimzaa hapa, wakamsomesha hapa, na biriani ya Idi wakaila hapa kuliko baadhi ya wenye Idi yao. Mwezi wa Machi Peterson akafa, moyo, mchana kweupe, bisibisi mkononi, nyuma ya friji la mtu. Wakamzika Rabai. Mangi yuko Doha, afanya kazi hotelini, na likizo aliyoahidiwa ilifutwa wiki iliyopita. Basi nyumba imebaki ya Pola na cherehani.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Mangi alipiga simu.

"Mama, umeweka taa?"

"Bado."

"Weka, mama. Nikitoka kazini jioni nataka nikute picha. Mimi huku nisipoziona taa za baba, Krismasi siijui."

"Tutaona, mwanangu. Wajua mama Tasneem yuko eda. Si adabu kuwasha mataa mbele ya mfiwa."

Sababu nzuri hiyo, ya heshima, na nusu yake ni kweli. Bwana Twahir alifariki Oktoba, na mkewe Kuluthumu, ndiye huyo mama Tasneem, amekaa eda, miezi minne na siku kumi hatoki nje. Lakini tusifichane. Nusu ya pili Pola hakumwambia mtoto wala kasisi. Taa zile ziko ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, zimekunjwa kwenye kipande cha kadibodi, na aliyezikunja ni Peterson, tarehe sita Januari, safu juu ya safu, zimebanana hata kadibodi yenyewe haionekani. Mtu yule hata kamba za viatu alizifunga kwa kipimo. Nguo zake Pola alizigawa. Viatu alimpa Randu. Shati lake la mwisho alilifua bila kukusudia, na siku hiyo alilia mpaka jioni, maana harufu ilikwenda na sabuni. Kitu kilichobaki vilevile mkono wa Peterson ulivyokiacha ni taa zile tu. Kuzitundika ni kuzikunjua, na kuzikunjua ni kuiharibu kazi yake. Hapo ndipo moyo ulipogoma.

Na kuna jingine, baya zaidi kidogo. Pola alimwonea wivu Kuluthumu. Ndiyo, wivu, tena kwa mfiwa. Matangani alikwenda, akapika, akasugua masufuria. Lakini kila aliporudi kumtazama mwenziwe alikuta ukumbi umejaa, madada kutoka Lamu, shangazi, mabinamu, huyu ampepea, yule ambembeleza ale. Yeye alipotoka kumzika Peterson alifungua mlango mwenyewe, akasikia jogoo la jirani, basi. Sasa akakaa pembeni ya ukumbi ule na kikombe chake, akawaza kwamba mwenziwe amezuiwa kutoka, na watu humjia. Yeye ameachiwa njia zote, na hana pa kwenda. Akaacha kwenda. Mwezi mzima sasa, hatua kumi na tano mlango kwa mlango. Alijua anafanya vibaya, na kujua kwenyewe kukamfanya azidi kuona haya.

Alasiri akasikia hodi. Alikuwa Tasneem, binti wa Kuluthumu, na sahani imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama Mangi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Sahani ilikuwa ya Pola mwenyewe, ile aliyopelekea mahamri siku za matanga. Mtaani hapa sahani ya jirani hairudi tupu, na hii ilirudi na mkate wa sinia, wa moto bado.

"Mamangu akusalimu sana," Tasneem alisema. "Alidhani umeshakwenda kwenu Rabai. Dirisha lako giza jana, giza juzi. Mimi nikamwambia cherehani naisikia."

"Nipo. Sikuwasha kwa ajili yake."

"Ndivyo alivyofikiri." Tasneem akatazama chini, kwani ujumbe uliobaki ulikuwa mzito kwa mtoto kumwambia mtu mzima. "Amenituma nikwambie kama alivyosema. Asema yeye hajakuomba ukae gizani. Wale wageni wamerudi Lamu wiki ya tatu hii. Mimi mchana niko kazini, basi yuko peke yake pale dirishani, na dirisha lake latazama lako, hana jingine. Asema alikuwa akizingoja taa za mzee Peterson. Tena asema, niwie radhi, umemtupa."

Pola akaitazama sahani. "Mwambie sikumtupa."

"Atapenda kuyasikia kwako, mama Mangi," Tasneem alisema kwa upole, akaaga.

Ile sababu nzuri ya adabu ikawa imekwisha. Pola akapanda stuli, akateremsha boksi, akakaa nalo mapajani kitambo. Kisha akaishika ncha ya waya.

Alianzia chini, karibu na debe. Kwake chini ndiko kulikokuwa na kazi yake. Ukitoa mwaka wa kwanza, Peterson ndiye aliyesimama juu ya stuli, yeye akishika waya na kuambiwa lete, ngoja, lete. Kila mzunguko uliotoka kwenye kadibodi ukaacha nyuma yake alama iliyobonyea, na Pola akavisikia vidole vya mumewe vikimwachia kimoja kimoja. Mzunguko wa nne ukamtoa machozi. Hakusimama. Akaenda analia na kuzungusha, analia na kuzungusha, mpaka akafika kileleni, na mkononi mwake mkabaki plagi.

Plagi juu kabisa, na soketi iko chini ukutani, karibu na sakafu.

Kosa hilo alilifanya mwaka wao wa kwanza Shella, na Peterson hakuacha kumtania nalo mpaka mwisho wake. Pola akatafuta cha kufutia pua, akaiokota ile kadibodi aiweke kando. Ilikuwa tupu sasa. Katikati, pale ambapo waya ulikuwa umepafunika, palikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu, herufi kubwa kama zile alizoandikia majina ya wateja kwenye mafriji yao.

POLA, NAJUA UMEANZIA CHINI. ZITOE. ANZIA JUU.

Akakaa sakafuni. Adhana ya magharibi ikaanza msikitini, naye akayasoma tena, na tena, mpaka maana ikamfika. Miaka yote baada ya kosa lile Peterson alizitundika taa mwenyewe. Kwamba mwaka huu angezitundika Pola, alijuaje? Akakumbuka Januari, jinsi alivyokuwa akijisugua kifua na kusema ni gesi tu, akatafuna tangawizi. Akamkumbuka Randu na tawi lake. Kumbe alijua. Alijua, akamwambia mkata nguzo, akaiambia kadibodi, mkewe akamwambia gesi.

"Mwongo mkubwa wewe," Pola aliiambia kadibodi, kwa hasira ya kweli, maana angalikuwa na miezi miwili ya kumwangalia mumewe vizuri, na alinyimwa. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikamshtua, kwani nyumba ile haikuwa imekisikia tangu Machi.

Akazitoa taa zote. Akapanda stuli, akaifunga ncha kileleni, akateremka nazo pole pole, tawi kwa tawi, na plagi ikafika soketini yenyewe bila kuvutwa. Peterson hakuwasha hata mwaka mmoja kabla ya adhana kwisha, ilikuwa heshima yake kwa mtaa. Mwaka huu adhana ilikwisha zamani. Pola akafungua dirisha, akawasha. Taa tatu zilikuwa zimekufa. Zilizobaki ziliwaka, nyekundu na kijani.

Ng'ambo ya njia ubao wa dirisha la Kuluthumu ukasogea.

"Umechelewa leo, mama Mangi," sauti ikasema, ya chini, ya mtu aliyekaa bila kuongea mchana kutwa.

"Nilianzia chini."

"Kama ule mwaka wa kwanza."

Pola akaegemea kizingiti cha dirisha.

"Kesho nikitoka kanisani naja," Pola alisema. "Nitakuja mapema."

"Nipo. Nitakwenda wapi?"

Pola akapiga picha, akaituma Doha, akakata mkate wa sinia vipande viwili kwa mazoea, akaviangalia, akala kimoja. Simu ikalia mlio wa ujumbe. Mangi alikuwa ameandika: Mama, nani amekuwekea? Zimekaa kama za baba kabisa.

Pola akaivuta kadibodi karibu, akaandika kwa kidole kimoja: Babako.